Baba Yako Aliteremka kwa Miguu

Mwanangu Idrisa,

Soksi zimo, sweta limo, na vidonge vya malaria mdogo wako Mwanaidi amevifunga kwenye kile kitambaa chekundu. Maagizo yangu yameishia hapo, usije ukawaambia wenzako kwamba mama yako alijaza karatasi kwa habari za soksi. Umetoka alasiri hii kwenda kunyolewa, wewe na vijana wenzako wa Mshindo mnaoondoka kesho, na ninavyomjua yule kinyozi kwa maneno, hamtarudi mpaka magharibi. Mdogo wako yuko jikoni anakaanga maandazi yako ya njiani. Mimi nimekaa kwenye meza aliyoichonga marehemu baba yako, na karatasi ya kwanza nimeshaichana.

Naandika kwa sababu kusema kumenishinda. Tangu uliponiambia kwamba unakwenda vitani, kila nikifungua mdomo inatoka amri. Idrisa, kula. Idrisa, kalale. Jana nilikuita chumbani kwangu, maneno yote nimeyapanga, ukaja ukasimama mlangoni na urefu wako huo, ukasema, "Naam, mama," nami nikakuuliza kama viatu umevipiga rangi. Ukaenda kuvileta unionyeshe. Nilitamani nijizabe kofi.

Sikuombi tena usiende. Nimeshaomba, na umenikatalia kwa adabu, na adabu yako ndiyo iliyoniumiza zaidi. Unakumbuka nilivyojilaza nikajifunika mablanketi, nikasema kifua kinanibana, ukamkimbilia Mama Sekela, nesi jirani yetu. Usilolijua ni alichoniambia ulipotoka kuchemsha maji. Alinishika mkono, akanitazama, akasema, "Mama Idrisa, dada yangu, ugonjwa huu naujua, ila sindano yake sina. Na mimi wangu wa kwanza wameshamchukua. Amka unywe chai, usimtie mtoto mashaka." Nikaamka, nikanywa chai.

Halafu nilikwenda kwenye ile ofisi mlikoandikishwa. Hilo pia hulijui. Nilivaa baibui langu la sikukuu, kana kwamba wakiniona nimependeza watanirudishia mtoto. Nilimkuta afisa kijana wa Kihehe, mpole, akaniamkia, "Kamwene, mama," akanipa kiti chake. Nikamweleza yote: mimi mjane, nauza vitunguu, mwanamume nyumbani kwangu ni huyu mmoja tu. Nikasema anaumwa macho. Nikasema ana pumu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa uongo, kisha akasema, "Mama yangu, huyu sisi hatujamkamata barabarani. Kaja mwenyewe asubuhi, kasimama wa kwanza. Nikamwuliza, we kijana, mama yako anajua? Akasema anajua, tena kafurahi." Nilimshukuru nikatoka, nikakaa ndani ya pikapu pale nje nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo, akidhani nimezimia.

Jioni yake ndipo nilipokuuliza kwa nini. Nchi imevamiwa, najua, redio nasikia kama wengine, na Kagera ni kwetu kama hapa. Lakini wapo wanaongoja waitwe. Kwa nini wewe usingoje? Uliweka tonge chini, ukanijibu kwa maneno mawili tu: "Baba angekwenda."

Ulinikata maini, Idrisa. Huyo baba unayemsema nimekutungia mimi. Yusufu fundi seremala, mume wangu niliyempenda, alikuwa mwoga. Nimeandika, na sifuti. Alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na wala hakuuonea haya uoga wake.

Nianze na viteleza, maana mambo yote yalianzia kwenye viteleza. Walipokuja Wazungu wa kupima barabara kuu, kulikuwa na injinia mmoja kutoka nchi ya theluji, ametundika ukutani mwake mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda ncha. Moja ilikuwa imepasuka, akamwita baba yako aiunge. Baba yako akataka kujua zinafanya kazi gani. Akaonyeshwa picha ya watu wamezivaa miguuni, wanateremka nazo mlima mweupe, baba na mama na watoto wao nyuma. Alirudi nyumbani chakula hakishuki. Alichemsha mbao kwenye pipa, akazipinda juu ya gogo zikiwa bado za moto, akazikaza kwa kamba akaziacha zikauke, na kila nikipita alikuwa amezichuchumalia anazitazama. Akatengeneza za kwake, za kwangu, na jozi fupi ya kwako. Mwanaidi alikuwa bado wa mgongoni. Jina la viteleza ulilitoa wewe, wakati huo huna meno ya mbele.

Theluji hatukuwa nayo, lakini nyasi tulikuwa nazo. Kila ilipoingia baridi ya katikati ya mwaka, shule zimefungwa, nyasi za milimani zimekauka na kulala, tulivipaka viteleza nta ya mishumaa na mafuta ya ng'ombe, tukavipakia juu ya magunia ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, tukashika njia ya Mbeya. Kwa majirani tulisema ni safari ya biashara. Ni kweli tuliuza vitunguu na kurudi na viazi, lakini katikati hapo tulisimama kila penye kilima kisicho na mawe. Tulianzia Mufindi, kando ya mashamba ya chai, tukafika vilima vya Makambako, tukapanda Mporoto. Usiku tulilala ndani ya pikapu tumebanana, wewe miguu yako tumboni mwangu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nadhani sitakuwa nayo tena.

Safari moja tulifika Kitulo, juu kabisa. Kulipokucha jalidi, umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani, kweupe kila upande, na ukikanyaga panalia. Baba yako alivua kofia. Akasema, "Zuhura, si ndiyo ile picha hii?" Akafunga viteleza miguuni, akasogea ukingoni, akatazama chini kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hapana. Hapa naogopa."

Alisema kwa sauti kubwa, mbele ya wachunga ng'ombe waliokuja kutushangaa. Yeye aliyevichonga, yeye aliyeendesha makona yote yale kutufikisha. Alivivua, akaviweka begani, akateremka kwa miguu. Wachungaji walicheka wakashikana. Mmoja akamwuliza, "Sasa mzee, mbao umetoka nazo Iringa kuja kuzitembeza?" Naye akamjibu, "Nimezileta na zenyewe zionje baridi." Akacheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nimeshatangulia na viteleza vyangu, nimeanguka, magoti yamechubuka, naona aibu hata kumtazama. Alipofika chini alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo. Akawasha moto, akafukia viazi kwenye majivu, akakuita ukae mapajani pake.

Hata kwenye vilima vidogo, alikothubutu, alikuwa na mtindo wake. Akiona mbio zimezidi, anakaa kitako. Hivyo hivyo, kama mtu aliyekuta mkeka. Suruali inachanika, yeye anasimama, anajipangusa, anaanza upya. Nilimtia viraka kila mwaka na kila mwaka nilimcheka. Mimi sikuwa mtu wa kukaa kitako. Babu yangu alitoka pwani kuja bara na mizigo ya nguo akiwa kijana peke yake, baba yangu akarithi duka, nami nikalelewa na kaka watupu, na nyumbani kwetu ukisema naogopa unachekwa mpaka ukome. Nilimwambia baba yako kwamba mwanamume wa nyumba yetu ni mimi. Akaniambia, "Afadhali. Mmoja anatosha."

Na ile siku ya Kitonga? Ulikuwepo, labda ulikuwa umelala. Tulikuwa tunateremka kwenda Mbuyuni kuchukua vitunguu, gari tupu, akasimama ghafla pembeni. "Breki hizi siziamini. Naogopa." Nikamwambia breki umezitengeneza juzi tu. Akasema anajua. Akatutoa garini sote, akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, na malori yaliyotupita yakawa yanatupigia honi na kututukana. Tukalala pale pale, nyani wametuzunguka. Asubuhi akaja fundi kutoka Ilula, akafungua kila kitu, akafunga, akasema, "Breki nzima, mzee. Hazina tatizo lolote." Nilipandwa na hasira nikamsema njia nzima mpaka Mbuyuni. Akaniacha nimalize, halafu akaniuliza, "Tumelala, tumekula mahindi, tumefika. Umepungukiwa nini?" Nikazidi kukasirika.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hili sijamwambia mtu.

Ulipomlaza baba yako ule ugonjwa wa kifua, mwisho mwisho, alinishika mkono pale hospitalini. Wewe na Mwanaidi mlikuwa nje na mjomba wenu Salum. Akasema, "Zuhura, naogopa." Kama alivyosema Kitulo, kama alivyosema Kitonga, sauti ile ile, bila aibu. Nami nikamwambia, "Jikaze. Usiseme maneno hayo." Akanitazama, akageuza uso ukutani. Hakusema tena, na nilidhani amejikaza. Angekuwa hai ningemwomba radhi kila siku. Alikuwa anataka nimshike tu, Idrisa, nimwambie nipo, nami nikampa amri.

Siku ya matanga mjomba wako alinivuta pembeni. "Dada, mtoto wa kiume amebaki na wanawake. Umwangalie asije akawa kama baba yake." Ningeweza kumjibu kwamba kama baba yake ndivyo ninavyotaka awe. Badala yake nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na uchungu, nilikuwa na hofu ya kulea peke yangu, na nikaona njia rahisi ni kukufanya wewe jiwe.

Ndiyo tukafika Mporoto. Ilikuwa baridi ya kwanza bila yeye. Nilijifunza kuyashika makona yale kwa hasira tu, kuonyesha kwamba safari haijafa. Tulisimama pale ambapo barabara inazunguka kilima na kutokea chini yake. Ulivaa viteleza vyako, vilishaanza kuwa vifupi. Ukungu ulikuwa umeshuka, mwisho wa mteremko hauonekani. Ulisimama, ukanigeukia, ukasema, "Mama, naogopa. Nataka kuteremka kwa miguu kama baba."

Kama baba. Ulikuwa unakumbuka! Ulikuwa na baba yako wa kweli kichwani, mzima, na viteleza vyake begani, na mimi nikakunyang'anya. Nilikuambia, "Nani kakudanganya kwamba baba yako aliteremka kwa miguu? Alikuwa anakagua njia kwa ajili yenu. Baba yako hakuogopa kitu chochote duniani, na hakuacha mwoga nyumbani." Uliniangalia, mdomo wazi. Nikampandisha Mwanaidi kwenye gari, nikawasha, nikakuacha peke yako juu kwenye ukungu. Nikazunguka mpaka chini. Nikapiga honi.

Ulikaa huko juu. Nikapiga tena. Mwanaidi akaanza kulia, "Mama, twende tukamchukue kaka," nikamwambia anyamaze. Nikapiga tena honi, nikaiacha ilie. Kila ninapoikumbuka honi ile natamani ningeikata nyaya. Halafu ukatokea kwenye ukungu. Ulikuja umenyooka wima, hukuyumba, hukukaa kitako, moja kwa moja mpaka kwenye ukingo wa mtaro, na ukingo ukakupokea kwa kidevu. Nilikimbia. Damu ilikuwa imejaa shingoni. Ukasimama wewe mwenyewe, meno yanagongana, ukaniambia, "Sikuogopa, mama. Kama baba."

Nami nikapiga makofi. Jeraha la kidevuni, ambalo sasa ni kovu, lilishonwa Uyole, na njia nzima nilikuwa nakusifu. Nikakukalisha kiti cha mbele, nilichokalia mimi baba yako alipokuwa hai. Nikaisimulia habari hiyo soko la Mbeya, soko la Iringa, Makambako, kwa kila mnunuzi wa vitunguu aliyekuwa na masikio: mwanangu huyu, siku ile Mporoto. Wewe umesimama pembeni unasikiliza, na siku baada ya siku unazidi kurefuka na kunyamaza.

Tangu siku ile hujaniambia tena kwamba unaogopa. Jipu lilipopasuliwa bila ganzi, ulitazama dari. Siku ya mtihani wa kidato cha nne ulitapika nyuma ya nyumba, nilikuona dirishani, ukaingia ndani ukasema chai ina sukari nyingi. Nilikuwa naona fahari. Nilijisemea, nimeweza, nimelea mwanamume. Sikujua kwamba nimekuachia mzigo huo uubebe peke yako, huna pa kuutua.

Sasa umekua, na juu ya kilima kingine kuna ukungu, na honi imelia redioni. Ukasimama wa kwanza. Afisa alipokuuliza kama mama anajua, ulimjibu anajua, tena kafurahi, kwa sababu siku ile Mporoto nilifurahi kweli. Ulikuwa na haki ya kudhani hivyo.

Naogopa mpaka sijui niseme vipi. Naamka asubuhi najikuta nimesimama uani na ufagio, sijui nimetoka kufagia nini. Nimefikiria kuficha viatu vyako. Nimefikiria kukufungia chumbani, mtu mzima mwenye ndevu, nikaenda hadi kutafuta kufuli. Nikisali nashindwa kumaliza dua kwa sababu nikifika kwenye jina lako napotea. Mwanaidi ananiongoza kama mgonjwa, msichana mdogo yule, ananiambia, "Mama, umetia chumvi mara ya pili." Sina nguvu, Idrisa. Nilizokuwa nazo nilizitumia zote kukutisha wewe usitishike.

Sina ushauri wa vita, sijui vita. Najua vilima tu. Kwa hiyo nakuambia ya vilimani. Ukiona ukungu, simama. Anayekucheka, acha acheke, cheka naye. Ukiona mbio zimezidi, kaa kitako, lala chini kabisa, uchafue nguo za serikali, zichanike, nitazitia viraka mimi. Gari usiloliamini liwekee mawe, hata kama breki zitakutwa nzima. Sikuambii umwache mwenzako. Baba yako hakutuacha hata siku moja, aliogopa akiwa nasi, na mara nyingi aliogopa kwa ajili yetu. Siku ile ya Kitonga nilikuwa na mimba iliyoharibika baadaye, na zaidi yangu ni yeye peke yake aliyekuwa anajua kwamba garini humo kuna na mtoto wa tumboni. Hilo nalo sikulifikiria wakati namsema njia nzima.

Ukiogopa, mwambie mtu. Mwambie aliye karibu, hata kama humjui jina. Sema kwa sauti, kama alivyosema yeye mbele ya wachungaji. Na kama kuna mtu atakushika mkono akuambie anaogopa, nakuomba, nakusihi kwa maziwa niliyokunyonyesha, usimwambie ajikaze. Mshike. Mwambie upo. Mimi nililikosa hilo na sipati usingizi kwa ajili yake.

Na usirudi na hadithi kwa ajili yangu. Sitaki kitu cha kusimulia sokoni. Rudi kwa miguu, taratibu, wa mwisho kabisa nyuma ya wote, umebeba vitu vyako begani, hata watu wakucheke njia nzima kutoka stendi. Viteleza vya baba yako bado viko juu ya dari. Tutavishusha, tutakwenda Kitulo, mimi nitaendesha, na tukifika juu tutashikana mikono wote watatu, tutateremka kwa miguu. Nitakuwa wa kwanza kuvivua.

Kesho nitaleta pikapu pale uwanjani mtakapopandia malori. Utaiona, nitaiegesha mbele kabisa, hata wakinifukuza. Sitapiga honi.

Nilitaka kuendelea, lakini nawasikia. Mmerudi mapema, kinyozi lazima alikuwa na haraka. Unacheka na mdogo wako hapo uani, anakushika kichwa anasema kimekuwa kama kitunguu kilichomenywa. Nakuona dirishani, umeinama unafunga kamba ya kiatu ambacho hakijafunguka. Mwanaidi amekuuliza, kwa ile sauti yake ndogo, "Kaka, unaogopa?"

Na wewe umemjibu, "Siogopi. Mimi si kama nyie." Kovu la kidevuni limekuwa jeupe, kama linavyokuwa siku zote meno yako yakigongana.

Basi, naiacha kalamu. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa sweta, utaisoma huko mbele. Lakini sitaingoja barua. Natoka sasa hivi hapo uani nikushike mkono mbele ya mdogo wako, na neno la kwanza litakalotoka mdomoni mwangu halitakuwa amri. Labda nikianza mimi, na wewe utaweza.

Mimi mama yako, Zuhura, ninayeogopa.